Maji kinywani mwa Papa Furaha

Kalemie, Jumapili jioni.

Mvua ilipiga asubuhi, ikaacha, halafu jua likatoka na ile joto ya kunata shingoni. Sasa hewa imetulia. Kutoka hapa ziwa ninaliona kidogo tu, kati ya mabati ya nyumba mbili. Limekuwa jeupe kama maji ya kuoshea muchele. Moyo wangu sijui niueleze namna gani. Umechoka kuliko miguu, na miguu leo imetembea.

Ninaandika na simu, nimekaa ku baraza ya mama yangu, ng'ambo ya muto Lukuga. Binti yangu Furaha amelala kwenye paja langu la kushoto, kwa hiyo niko na mukono mumoja tu wa kuandikia. Makosa munisamehe.

Sikuja hapa kutembea. Nimetoka kwangu.

Wale wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba hapa ninaweka hadithi za wazee, za milima ya Marungu na za ziwa. Leo sina hadithi. Na kwa yule anayefika leo mara ya kwanza, nieleze kidogo: kazi yangu ni historia ya ulozi na mambo ya zamani. Siyo kwamba ninaloga, na siyo kwamba ninaombea waliologwa. Ninakaa na wazee, ninawauliza zamani watu walishitakiana namna gani, nani aliitwa mulozi, kwa sababu gani, na ikaisha vipi. Ninarekodi na simu, halafu ninarudi ku biro yetu, chumba kimoja chenye meza mbili, ninasikiliza na kuandika neno kwa neno. Umeme ukikatika, tunangoja. Niko na graduat ya historia, miaka mitatu ya chuo, basi, sikuendelea. Chefu wetu anasema inatosha, kazi hii inataka masikio.

Vijana wa moto, wale wanaobeba watu na pikipiki ku kona yetu, wananiita Mama Walozi. "Mama Walozi, leo tunaenda kumukamata nani?" Ninapanda, ninawajibu kwamba nitaanza na wao, wanavyolamba pesa za watu. Tunacheka mpaka mbele ya biro.

Nilikuwa ninacheka na hilo neno.

Namna yetu ya kufanya kazi ni moja, chefu alinifundisha siku ya kwanza. Usiulize nani ni mulozi. Uliza: wewe uliambiwa na nani? Halafu uende kwa huyo, umuulize vilevile. Uende hivyo nyumba kwa nyumba, kinywa kwa kinywa, mpaka umukute mutu ambaye hakuambiwa na mutu. Huyo njo kinywa cha kwanza. Sisi tunaita kurudisha neno kwao.

Kuna wakati nilirudisha neno la muzee mumoja aliyekimbia vita kutoka Nyunzu. Hapa mujini walisema analeta radi. Nilitembea na hilo neno mpaka likanifikisha kwa mama mumoja muuza mihogo. Akaniambia kwa upole kabisa: mimi nilisema tu kwamba siku ile muzee alifika, radi ilipiga muti wetu, na chini ya muti kulikuwa mbuzi wangu. Akaanza kumulilia mbuzi upya, mbele yangu. Hakuwa na chuki na muzee. Alikuwa na mbuzi aliyekufa.

Nilikuta hivyo mara nyingi. Unatembea ukitafuta adui, unafika unamukuta mutu analia. Niliandika hilo kwenye ripoti zetu, nikaona nimeandika kitu kizuri. Sikujua kwamba siku moja kitakuja kukaa kwenye kiti changu.

Danieli wetu alikufa mwanzoni mwa mvua hizi.

Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa. Ilikuwa homa, malaria, tulimupeleka ku hospitali, wakamutibu, wakaturudisha nyumbani, na kweli mwili ulipoa. Mimi nilikuwa sijalala siku nyingi. Nilimulaza pembeni ya dada yake Furaha, kwenye kitanda kimoja, nikaanguka kwangu kama gunia. Asubuhi niliamushwa na sauti ya bwana wangu. Sauti yenyewe sitaiandika.

Bwana wangu, Papa Furaha, ni muvuvi. Alitoka kaskazini, upande wa Fizi, na kaka yake Asukulu na dada yao Esta, wote watatu wakaishi hapa na dagaa. Ni mutu wa maneno machache. Wakati tulikuwa tunachumbiana nilipenda hivyo. Mimi kutwa niko na maneno ya watu masikioni, nikafikiri, angalau nyumbani nitapumuzika.

Sasa nieleze hii wiki.

Jumatano Furaha alirudi kutoka masomo na maandazi yake, beignets mbili, ndani ya mufuko, zote nzima. Kawaida moja anamupa rafiki yake, nyingine anaila njiani. Nilimuuliza kama tumbo linauma. Akasema hapana. Akaja akakaa karibu na mbabula ya makaa, mimi ninapika sombe, majani ya mihogo, akaniuliza:

"Mama, walozi wanakulaka nini?"

Na mimi, na hii kazi yangu, nilianza kumujibu. Nilimwambia inategemea, wazee wa Marungu wanasema hivi, watu wa bondeni wanasema vile. Niliongea vizuri, mwiko mukononi. Halafu nikamuangalia. Alikuwa amezishika zile beignets mbele ya macho yake, anaigeuza moja, anaigeuza nyingine, kama anatafuta kosa ndani yake.

"Nani alikuuliza hivyo?"

"Watoto. Wanakataa chakula nimeshika. Wanasema mimi nilimukula Dani."

Ana miaka sita.

Sombe iliungua. Tulikula hivyohivyo.

Alhamisi akaja wifi yangu Esta na kilo ya sukari. Esta hana roho mbaya. Ninaandika hivi na hasira yangu yote, na bado ninaandika. Danieli alipokufa, njo yeye alimuosha. Mimi mikono ilikataa. Kwa hiyo akikaa kwenye nyumba yangu na akaongea, ninasikiliza.

Akasema wamepata nafasi kwenye chumba cha maombi anakosalia. Furaha ataingia Jumatatu. Siku tatu, bila chakula na bila maji, pasta atamuombea mpaka kile kitu kitoke.

"Kitu gani, wifi?"

"Unaniuliza mimi? Si njo kazi yako? Unakula mushahara wa ulozi, halafu ulozi ukiingia kwako unakuwa mugeni."

Papa Furaha alikuwa palepale mulangoni, anafunga waya wa taa zake za kuvulia. Hakuinua kichwa.

Nilisema Furaha haendi. Esta akanijibu, bila kupandisha sauti, kwamba mutoto ni wa ukoo, na ukoo umeshaongea. Papa Furaha aliendelea na waya wake.

Vile vyumba vya maombi ninavijua. Nimekaa na watoto waliotoka mule, nimewarekodi. Sitaandika hapa waliyoniambia. Niseme tu kwamba kuna mumoja alikuwa anaongea na mimi muda wote amefunika macho na mikono, na hakuna mutu aliyemwambia ayafunike.

Ijumaa sikuenda biro. Nilifanya kazi yangu kwetu.

Nilianza na jirani, Mama Zuhura, anayepika maharagi ya kuuza, kwa sababu watoto wake wanasoma pamoja na Furaha. Akaniona ninakuja, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Uko unakuja na uso wa biro. Hiyo simu inarekodi?"

"Hapana, Mama Zuhura."

"Onyesha."

Nikamuonyesha.

"Haya. Nilisikia kwa wifi yako, pa bomba. Nilimwambia, Esta, astaghfirullah, mutoto ametoka meno juzi. Lakini nisikudanganye, watoto wangu niliwaambia wakae mbali kidogo. Ni wadogo, Mama Furaha. Na weye ungefanya vile."

Sikujua kama ningefanya vile. Akanipakulia sahani ya maharagi, akakataa nilipe. Nilikula nimesimama. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira naye, vyote pamoja.

Nikaenda kwa Esta. Nikamuuliza kama ninavyouliza watu wengine: wifi, wewe uliambiwa na nani, na alisema nini, neno kwa neno. Alishangaa kidogo, lakini akajibu. Aliambiwa na Asukulu. Na Asukulu alisema kwamba mutoto alijua Danieli amekufa mbele mutu yeyote hajaamuka.

Hilo mimi sikuwa nimelisikia kabisa. Nilibeba hilo neno kutoka kwa Esta mpaka ku ziwa na nilikuwa ninalirudilia njia nzima. Mbele mutu yeyote hajaamuka. Nani aliona hivyo, kama wote walikuwa wamelala?

Asukulu nilimukuta anageuza dagaa walioanikwa. Ni mutu wa mizaha, shemeji yangu huyu. Akaniona kwa mbali akainua mikono juu.

"Jamani, nimekamatwa. Mama Walozi amefika."

Halafu akaona uso wangu, akashusha mikono.

"Shemeji, uliambiwa na nani?"

"Acha, shemeji. Rudi nyumbani upike."

"Uliambiwa na nani, Asukulu?"

Akachota dagaa na viganja viwili, akawamwaga palepale alipowachota. Hakuniangalia.

"Unazunguka muji muzima unatafuta nini? Jibu unalala nalo kitanda kimoja."

Sikuondoka mara moja. Wamama walikuwa wananipita na mabeseni kichwani. Mumoja akanigombeza kwamba ninakanyaga dagaa wake. Nikaangalia chini, kweli nilikuwa ninawakanyaga.

Nimerudisha maneno ya watu wengi kwao. Hakuna mutu aliyenifundisha nifanye nini kama njia inaishia kwenye mulango wangu. Unapiga hodi kwako mwenyewe?

Jumamosi nilingoja mpaka Furaha ameenda kuchota maji na mudogo wangu, aliyekuwa amepita kutusalimia. Papa Furaha alikuwa amekaa kwenye kitanda, anavaa shati. Nikamuuliza vilevile kama wengine.

"Papa Furaha, wewe uliambiwa na nani?"

Alielewa palepale. Vifungo viliishia katikati.

"Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe."

Akanieleza. Ile asubuhi alikuwa anarudi kutoka ziwani, yuko mulangoni anavua suruali yenye maji. Furaha akatoka ndani na gauni ya kulalia, akamwambia: Papa, Dani amekwenda, na hajaniaga. Yeye akaingia, akamugusa Danieli. Halafu njo ile sauti iliyoniamusha.

"Siku ya kuzika nilikuwa nimekaa na Asukulu. Nilimwambia, Furaha alijua mbele yetu sote. Ni hivyo tu, Mama Furaha. Sikusema mulozi. Hilo neno halikutoka kwangu. Nilikuwa ninalia."

"Alilala naye ubavu kwa ubavu. Mutoto ameamuka, ameshika mukono wa mudogo wake, mukono ni baridi. Nani mwingine angejua mbele? Na 'amekwenda' njo neno tulimufundisha sisi, wakati babu yake alikufa."

"Ninajua."

"Unajua?"

"Muchana ninajua. Usiku ku ziwa, na zile taa, sijui tena."

Nilikaa chini karibu naye. Mutu nilikuwa nimemutafuta siku mbili, na ni huyu, na vifungo vyake viko nusu. Nilitaka kumupiga. Nikamufungia vifungo vilivyobaki.

Hapo njo nikakumbuka maji ya Bibi Sabina.

Bibi Sabina ni muzee wa Kirungu, kule Marungu, anayeishi sasa Katanika, hapa mujini, nimekaa naye mara nyingi. Aliniambia kwamba zamani kwao neno la ulozi halikuisha kwa kusema samahani. Mwenye kinywa cha kwanza anasimama mbele ya watu wote. Anapewa maji, anayashika kinywani bila kumeza. Yule aliyesemwa anaitwa kwa jina lake, anakuja anasimama mbele yake. Mwenye kinywa anayatema chini, kwenye miguu ya huyo mutu, anasema: neno langu limetoka, limerudi ku udongo. Basi. Baada ya hapo, mutu akilirudilia, ukoo muzima unamufukuza kwenye chakula.

Ili nielewe vizuri, Bibi alichukua maji akayatema kweli, yakalowesha viatu vyangu na simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hiyo simu yako imetubu."

Mimi na tabia yangu ya kuuliza, nikamuuliza: na akimeza?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha mutoto. "Nani atameza, mwanangu?" Akaendelea na mambo mengine.

Nilimueleza Papa Furaha yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hayo ni mambo ya kipagani, watu wa kanisa watamuona namna gani.

"Ni maji na maneno," nikamwambia. "Hata pasta anakunywa maji. Mimi sikuambii ni dawa. Ninakuambia tu kwamba wewe njo unaweza. Mimi nikisema, mimi ni mama yake, nani atanisikia? Neno lilitoka kwako. Wewe njo unaweza kulirudisha."

Furaha akarudi na kidumu chake kidogo, amelowa mbele yote. Papa Furaha akamupokea kidumu. Akasema, "Sawa. Kesho."

Ile jioni alikula na Furaha kwenye sahani moja. Alimutolea miba ya samaki, akamuwekea nyama upande wake. Nilikuwa jikoni ninawaangalia kupitia mulango, nikafikiri, imeisha. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli pia. Jumamosi jioni tulikuwa watu watatu, na mumoja hayuko, na imeisha.

Leo.

Walikuja baada ya ibada. Esta, Asukulu, na Baba Mukubwa wao, muzee anayeongea kwa ajili ya ukoo. Esta alikuja na pasta wake. Hakuna aliyemualika, lakini mugeni humufukuzi, nikamupa kiti. Mama Zuhura alisimama kwenye upande wake wa majani ya uzio na akajifanya anaanika nguo.

Niliweka maji kwenye kikombe cha bati cha buluu. Ni kile Furaha anakunywea uji. Sikuwaza sana, njo kilikuwa safi.

Papa Furaha alisimama vizuri. Alisema, sauti haikutikisika, kwamba neno juu ya mutoto wake lilitoka kwake, siku ya kuzika, na leo anataka kulirudisha. Asukulu alitikisa kichwa, nilimuona, alifurahi. Halafu Papa Furaha akaweka maji kinywani.

Baba Mukubwa akaita, "Furaha."

Furaha alikuja na gauni yake ya Jumapili. Nilikuwa nimemueleza asubuhi kwamba Papa atatema maji chini na asiogope. Akasimama mbele yake, akainua uso, akaona mashavu ya baba yake yamejaa. Akacheka. Ziwani, wakienda kuoga, hivyo njo anavyomuchezesha. Anajaza maji kinywani, Furaha anakimbia, anamurushia mugongoni.

Akafunga macho, akingoja.

Pasta alibaki kwenye kiti. Nilidhani yeye njo ataharibu, hakuharibu. Ni Esta. Na alisema kwa machozi, siyo kwa ubaya:

"Kaka, basi tuambie. Kama siye yeye, ni nani alimukula Danieli?"

Mimi nilikuwa na jibu, malaria, ninalo kila siku, ninalala nalo. Lakini malaria haina mutu wa kumushika shati. Nilifungua kinywa nikasema, "Ni homa, Esta," na nikasikia mimi mwenyewe jinsi lilivyokuwa neno dogo mbele ya wale watu.

Papa Furaha alikuwa ananiangalia. Maji bado yako kinywani. Niliona anavyoniuliza na macho. Nilimuitikia na kichwa: tema. Akamuangalia Esta. Akaangalia kule nyuma ya nyumba, tulikokuwa tunaanika vitambaa vya Danieli.

Halafu koo yake ikapanda na kushuka.

Alimeza.

Alimeza mara mbili, kwa sababu maji yalikuwa mengi. Tulisikia sote. Nguo za Mama Zuhura zilikuwa zinadondosha maji na hilo pia tulilisikia. Baba Mukubwa aliangalia chini. Pasta akasema amina kwa sauti ndogo.

Furaha alikuwa bado amefunga macho.

Sikulia pale. Nilichukua kikombe mukononi mwa Papa Furaha. Aliniachia. Nikaingia ndani, nikaweka nguo za Furaha kwenye mufuko, daftari zake za masomo, kitenge kimoja, na simu. Nilipotoka, Esta alisimama mbele yangu.

"Unaenda wapi na hiyo kitu? Kesho wanaingia ku maombi."

"Siyo kitu," nikamwambia. "Ni Furaha. Na hajakula tangu asubuhi."

Nikamwambia Baba Mukubwa, kwa heshima yote, kwamba mutu anayemutaka mutoto wangu aje kwa mama yangu, aje muchana, na aje na kinywa cha kwanza mbele yake. Muzee alimushika Esta mukono, akamusogeza, nikapita.

Papa Furaha hakutufuata. Nilipofika kona niligeuka. Alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia, anaangalia mahali miguu ya Furaha ilikuwa imesimama. Jua lilikuwa limeshakausha mvua ya asubuhi, udongo ulikuwa mukavu.

Vijana wa moto walikuwa pale. "Mama Walozi, tunaenda wapi na mizigo?" Halafu wakasogeza moto zao tupite. Mumoja akataka kutubeba bure, nikakataa. Nilitaka kutembea. Tulivuka daraja kwa miguu, Furaha na kikombe chake cha buluu mukononi, anahesabu magari. Katikati ya daraja akaacha kuhesabu.

"Mama, Papa alikuwa na kiu?"

Nilitembea kidogo mbele ya kumujibu. Ningeweza kumwambia ukweli wote, ni mutoto anayeelewa. Ningeweza pia kusema ubaya wa baba yake, na siku moja angenishukuru au angenichukia. Nilikuwa na hasira ya kutosha.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alikuwa na kiu."

"Basi tungemupa mengine, ya kutema."

Njo hapo nililia. Nililia ninatembea, nimegeuza uso upande wa maji, watu wanapita.

Mama yangu alinipokea mufuko. Ametupikia bukari, ugali wetu, na dagaa. Furaha amekula, mama amechukua tonge kutoka kwenye sahani ya Furaha, makusudi, ili amuone anakula. Furaha alimuangalia sana bibi yake akitafuna. Halafu akamupa tonge jingine.

Sasa nimefikia hapa na mukono umechoka. Niseme nilichoamua, ili nisikibadilishe nikiamuka. Furaha hataingia mule, kesho wala siku nyingine. Atasoma ku masomo ya huku, nitaongea na mwalimu mimi mwenyewe. Kazi siachi. Wengi watasema kazi hii njo imeniletea haya. Kazi hii njo imenifanya nione njia yote mpaka mwisho, na kama ni kuumia ningeumia hata bila kuiona.

Na Papa Furaha? Ninamujua. Usiku huu ataenda ziwani na zile taa, na kule atakuwa hajui tena. Muchana atajua. Mulango wa mama yangu unafunguliwa muchana. Kikombe kiko hapa, nimekiosha, nimekigeuza juu chini ili kikauke. Simungojei, na sikukitupa.

Kesho asubuhi niko na Bibi Sabina, tulipanga tangu wiki iliyopita. Atakuwa amekaa na kiko chake cha tumbaku, ataniuliza habari ya nyumbani. Sitamudanganya. Aliniuliza nani atameza, na sasa nina jina la kumupa. Halafu nitawasha simu, nitaiweka kati yetu, na nitamuuliza kitu ambacho sijamuuliza mutu yeyote kwenye hii kazi, na ninaogopa jibu lake, liwe ndiyo au hapana: huyo aliyemeza, Bibi, mukewe alimupikia tena?